Siku Kijiji cha Umoja Kilipojikuna

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye homa, asifiwe na waliopona, na mimi kikongwe niliyebakiwa na meno machache nasema asifiwe!

Mimi ni Rebeka Nyamizi binti Kapela. Wengi mnaniita Bibi Vidonge, na watoto wa shule ya Jumapili wanadhani hilo ni jina la ukoo. Si la ukoo, ni la kazi. Niliuza dawa tangu ujana wangu mpaka magoti yalipokataa baiskeli. Mama mchungaji ameniomba niandike jinsi Bwana alivyoniokoa katika kazi hiyo, maana binti zetu wengi siku hizi wanauza dawa madukani. Shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Ila majina nayakumbuka yote.

Nilizaliwa Uyui, upande wa Isikizya, wakati huo Isikizya ni nyumba chache na miombo mitupu. Babu yangu, Mzee Kasanda, aliwahi kuwa mpagazi katika ile njia ya zamani ya misafara. Alibeba marobota ya watu kutoka pwani mpaka Tabora, bega likaota sugu kama kisigino. Nikiwa mdogo nilimuuliza, "Guku, ndani ya marobota mlikuwa na nini?" Akasema, "Sijui, mjukuu wangu. Hatukuwa tunafungua." Ndugu zangu, nilishangaa mpaka nikakosa usingizi! Mtu abebe kitu miezi na miezi asitake kujua amebeba nini? Mungu aliniumba hivyo. Mama yangu alikuwa akisema mimi nilianza kuuliza kabla sijaanza kutembea.

Niliolewa na Lukas Mihayo, tukazaa mtoto mmoja, Marko. Uhuru ulikuwa mchanga bado, bendera yenyewe haijapauka. Marko akashikwa na homa, ikapanda, akaingia degedege, akanifia mgongoni tukiwa njiani kwenda zahanati. Watu wakaja kunifariji. Wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nikauliza, "Hiyo homa inaingilia wapi? Inatokea wapi? Mbona mtoto wa Mama Kalekwa imempata akapona?" Mama mkwe akasema mwanamke anayeuliza maswali msibani ana lake jambo. Muda haukupita, Lukas akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko mbali, na mkonge ukammeza. Hakuandika, hakurudi. Nikabaki sina mtoto, sina mume, na maswali yangu yote ninayo.

Hapo ndipo nilipokwenda mjini Tabora, Kanyenye, nikapata kazi ya kufagia duka la dawa baridi. Mwenye duka alikuwa Bi Zuwena binti Seif, Mwarabu wa hapahapa Tabora, mjane. Asubuhi alikuwa akimaliza kusali ndipo anafungua milango, na mimi naye tulikuwa tukiomba kila mtu kwa njia yake na kazi inakwenda. Nilikuwa nikifuta chupa, kila chupa nauliza. Hii ya nini? Hii mbona nyekundu? Hii akimeza asiyeumwa inakuwaje?

"We Rebeka!" anasema. "Una maswali kuliko karani wa sensa! Futa chupa."

Lakini ananijibu. Alinijibu zote, Mungu ambariki. Na neno moja alilonifunza silisahau: dawa haiuzwi kabla hujajua inakwenda kwa nani. Mtu akija anataka vidonge vya kichwa, yeye anamuuliza kichwa ni cha nani, kimeanza lini, amekula nini. Wateja wengine walikasirika. Mmoja, fundi cherehani Juma Kitwana, akamwambia, "Bi Zuwena, mimi nimekuja kununua, sikuja kuposa!" Sote tulicheka, lakini dawa hakupewa mpaka alipojibu.

Siku moja Bi Zuwena akaniita. Alikuwa na wanaume waliopeleka dawa vijijini, wanauza na kurudi na sanduku tupu. Akasema, "Hawa wanarudi na sanduku tupu, nikiwauliza nani amepona hawajui. Wewe unayeuliza, kwa nini usiende?"

Mimi! Mwanamke, darasa la pili! Nikasema Bibi, watanicheka. Akasema, "Watakucheka. Halafu wataumwa."

Basi nikaenda. Sanduku la bati nyuma ya baiskeli: klorokwini ya homa ya malaria, aspirini, dawa ya macho, dawa ya minyoo, pamba, bandeji. Napanda treni Tabora, nashuka Urambo, naingia vijijini kwa baiskeli. Siku ya kwanza pale stesheni ya Urambo vijana wa kupakia tumbaku wakanipigia mbinja. "Mama, baiskeli ya mumeo umeiba?" Nikawajibu, "Baiskeli ni halali. Mume ndiye aliyeibwa." Wakacheka mpaka wakaweka mizigo chini, na kuanzia siku hiyo walikuwa wakinishushia sanduku langu wenyewe.

Ndugu zangu, niliipenda kazi ile! Nikifika kijijini sianzi na sanduku. Nakaa. Naamkia wazee shikamoo, nauliza habari za ng'ombe, za mvua, za nani amejifungua. Ninawajua wagonjwa kwa majina kabla sijafungua kufuli. Na nikirudi safari ya pili naanza na wale niliowauzia: Sayi mguu unaendeleaje? Mzee Lugwisha macho yanaona? Kila aliyepona mimi nilihisi kama Marko amefumbua jicho. Siwezi kusema vizuri zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni jaribu lililonipata.

Ulikuwa wakati wa Ujamaa, watu wamehamishwa kutoka huku na huku wakaishi pamoja. Mbele ya Urambo kulikuwa na kijiji kipya cha nyumba kumi tu kilichoitwa Umoja. Kijiji kizuri, nyumba zimepangwa mstari, shamba la tumbaku la wote, chakula wanaume wanakula pamoja uani, na wanawake nao wanakula pamoja. Watu wa kule kwetu mnajua: mtu anayejifungia ndani kula peke yake anaogopwa. Wanaanza kujiuliza anakula nini humo ndani. Na balozi wa nyumba kumi, Bwana Maganga Kapungu, alikuwa mtu wa haki sana, mrefu, sauti kama ngoma. Kwake hata maboga yaligawiwa kwa macho ya watu wote.

Pale Umoja kulikuwa na mtoto wa kike, Kabula, analelewa na bibi yake Nshoma. Kabula akashikwa na homa. Balozi akanunua klorokwini kwangu kwa niaba ya nyumba kumi, nikamweleza dozi ya mtoto, naye akasikiliza vizuri. Dozi ya wakubwa pia akachukua, akasema iwe akiba. Nikaenda zangu vijiji vingine, watu wanapona. Nikarudi Umoja, Kabula bado anatetemeka. Nikashangaa. Akanunua tena, nikaenda, nikarudi. Mtoto amekonda, macho ya njano, amelala kwenye mkeka hata nzi hafukuzi.

Ndugu zangu, nilikosa raha. Chupa ni ileile! Bwende wamepona, Ukondamoyo wamepona, kwa nini Umoja hawaponi? Je, dawa yangu inasema kweli sehemu moja na uongo sehemu nyingine? Na kama inasema uongo, mimi natembea na baiskeli naua watoto wa wenzangu?

Kumbe nilikuwa nawaza peke yangu lakini kijiji nacho kinawaza. Safari iliyofuata, naingia Umoja, hakuna aliyeitikia shikamoo yangu. Wakanichukua na baiskeli yangu mpaka kwenye banda la kukaushia tumbaku. Kijiji kizima kimekaa. Nshoma akasimama, akasema, "Mwanamke huyu anatuuzia chokaa! Nimeionja, chungu tu, kazi haifanyi. Mjukuu wangu anakwisha!"

Na sauti nyingine, ya mwanamke mmoja aitwaye Mbuke, ikatoka nyuma. "Mwanawe alikufa. Sasa anawatafuta wa wenzake."

Hapo nimeitwa mchawi, ndugu zangu. Mnajua maana yake. Wakati ule neno kama hilo likitamkwa hadharani, mwanamke asiye na mume wala mtoto anaweza asifike kwake. Wanaume wengine walishaanza kusimama. Balozi Maganga akanyoosha mkono, akaniita mayo, yaani mama. "Mayo Rebeka, sisi si watu wabaya. Sema lako. Lakini kama huna la kusema, sanduku hilo tutalichoma, na wewe usikanyage tena hapa wala vijiji vya jirani. Nitapeleka habari mwenyewe."

Vijiji vyote! Kazi ingekufa, jina langu lingekufa, na Kabula kule ndani alikuwa anakufa kweli.

Nikafumba macho. Sikuwa na maombi marefu. Nikasema moyoni, "Bwana Yesu, mimi sijui. Wewe unajua. Nionyeshe." Basi. Hayo tu.

Nikafumbua macho. Na ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi, Bwana hakuniletea malaika. Alinionyesha mzee mmoja wa pale, Mzee Mihambo, akijikuna shingo.

Nikamtazama. Pembeni yake mkewe naye anajikuna mkono. Nikageuka huku: vijana wanajikuna. Mbuke yule aliyenitukana anajisugua mgongo kwenye nguzo ya banda kama ng'ombe! Balozi mwenyewe ameshika gunzi la mahindi anajikuna nalo kwenye mbavu huku anahukumu kesi. Kijiji kizima kinajikuna!

Sasa, wenye umri wangu mnakumbuka. Klorokwini ilikuwa na tabia hiyo. Ukiimeza, wengi wetu ngozi inawasha siku nzima hujui ushike wapi. Hofu yangu ikapotea palepale. Udadisi ukanishika, ule wa tangu utoto. Nikamsahau hata Mbuke. Nikasema:

"Mzee Mihambo, shikamoo."

"Marahaba," akasema bila kupenda.

"Unawashwa tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Uliumwa?"

"Mimi? Mimi nina afya."

"Sasa dawa ya homa ulimeza ya nini?"

Watu wakatazamana. Balozi Maganga akajibu, tena kwa fahari, kifua mbele. "Tumegawana! Juzi hata ile ya akiba tumegawana. Dawa ilinunuliwa kwa nguvu ya wote. Nilikata mwenyewe kwa kisu cha tumbaku, vipande sawa, kila mtu na chake. Hapa Umoja hakuna anayekula peke yake, mayo."

"Watu wote wa nyumba kumi?"

"Wote."

"Na mbwa wa Mzee Mihambo?"

"Mbwa si mwanakijiji," akasema, na mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka.

"Na Kabula?"

"Kabula alipata kipande kama wenzake. Ningempa vyote, wenzake wangesemaje? Wangesema balozi anapendelea."

Nshoma akasema, kwa sauti ndogo safari hii, "Mimi changu sikumeza. Nilimwongezea yeye."

Jamani! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Watu hawa hawakuwa wakatili. Walikuwa wamefanya kwa upendo, kwa haki waliyofundishwa kwenye chakula tangu wakiwa watoto. Na kwa haki hiyo homa ilikuwa inamtafuna mtoto katikati yao.

Lakini nitawaambiaje? Niseme mpeni Kabula ale peke yake, wengine watazame? Pale, mbele ya kijiji, na mimi tayari nimeshaitwa lile jina? Ningeonekana nawafundisha tabia ya wachawi. Ndipo Bwana akanipa wazo, na wazo lenyewe lilikuwa uji.

Nikasema, "Balozi, umegawa kwa haki, na mimi sikujua. Lakini dawa hii si chakula. Ni kama mpagazi mmoja aliyepewa mzigo mmoja: ukimkata vipande kumi, mzigo hautafika. Inamtafuta mwenye homa, ikiingia kwa mzima inapotea njia, inabaki kuwasha ngozi. Hebu tufanye hivi. Mama Nshoma ateleke uji, sufuria kubwa. Kabula akimeza dawa yake, sisi wote tunywe uji pamoja naye. Yeye hatakuwa peke yake, na sisi hatutakuwa tumekosa."

Halafu Balozi Maganga akajikuna kwa gunzi lake, akafikiri, akasema, "Na uji ugawiwe sawa."

"Ugawiwe sawa," nikasema.

"Kama mtoto hatapona?" Mbuke akauliza.

Nikamwambia, "Sitaondoka. Nalala hapa kwa Nshoma mpaka dozi iishe. Asipopona mtakuwa mnajua nilipo."

Ndugu zangu, nilisema kwa ujasiri, lakini usiku wa kwanza nilisikia pumzi ya yule mtoto inakwaruza, nikaomba mpaka ulimi ukakauka. Mtoto alikuwa ameshadhoofika sana. Dawa akawa anaitema kwa uchungu. Nikaisaga, nikachanganya na asali, Tabora hatukosi asali, na Nshoma akamshika kichwa, ikashuka. Nje watu wamekuja na vibakuli vyao. Walikunywa uji wa ulezi kimyakimya kama watu waliokuja matanga. Kesho yake wakaja tena. Mzee Mihambo akaja wa kwanza na kibakuli kikubwa kuliko vyote. Homa ikapungua, ikarudi, ikapungua. Mimi namfuta jasho, nakumbuka mgongo wangu ulivyokuwa wa moto ule mwaka wa Marko.

Siku ya mwisho ya dozi, asubuhi, tumekaa nje na uji. Nikasikia kitu mlangoni. Kabula amejishikilia kwenye fremu, miguu kama njiti, kanga ya bibi yake inaburuta. Akatutazama sote. Akasema:

"Mbona babu Mihambo anakunywa uji wangu?"

Haleluya! Nshoma alipiga kigelegele kikakatika katikati, akakaa chini. Balozi Maganga, mtu mrefu vile, akageuka akatazama ukuta. Mzee Mihambo akampa mtoto kibakuli chake chote, naye akakinywa chote! Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikalia kilio cha Marko ambacho sikuwa nimekilia. Mbuke alinifuata. Alikaa pembeni yangu, akajikuna, nami nikacheka katikati ya machozi, naye akacheka, na hivyo ndivyo tulivyosameheana.

Wakati wa kuondoka Nshoma alisukuma baiskeli yangu mwenyewe mpaka barabarani. Kila nyumba tuliyopita alipaza sauti: "Huyu akija, dawa ni ya mgonjwa, wengine telekeni uji!" Habari zikanitangulia. Nikawa nikiingia kijiji kipya nakuta sufuria jikoni kabla sijafungua sanduku.

Nilipomsimulia Bi Zuwena alicheka akashika meza. Halafu akasema, "Rebeka, tulikuwa tunauliza dawa inakwenda kwa nani. Hatukuwa tunauliza ikifika inafanywa nini." Tangu hapo tukawa tunauliza na hilo. Baadaye alinipa wasichana niwafundishe: Mwajuma Rashidi, Elizabeti Sayi, Nyanzala Masanja. Wote waliuza dawa kwa moyo, na wote walikuwa wasumbufu kwa maswali, asante Mungu.

Binti zangu mlioko kwenye maduka ya dawa, nawaomba jambo. Mteja akikuambia dawa haifanyi kazi, usikasirike, usijitetee haraka. Mtazame. Muulize. Nenda kwake kama unaweza. Mara nyingi watu hawakukataa dawa, waliitumia kwa namna ya upendo wao, na wewe huijui namna hiyo mpaka ukae nao. Na kama umeshikwa pabaya, umesingiziwa, jina lako linachafuliwa mbele za watu, mwite Bwana Yesu palepale. Ombi fupi linamtosha. Halafu fumbua macho uangalie, maana jibu anaweza kuwa ameliweka kwenye shingo ya mzee anayejikuna.

Namshukuru Mungu kwa Bi Zuwena, kwa Nshoma, kwa Balozi Maganga na kisu chake, na kwa Mbuke pia. Na wewe unayesoma haya, unayeumwa moyo, uliyeambiwa huna maana, njoo kwa Yesu. Usiogope kwamba waliotangulia wamemmaliza. Vidonge tulivigawana vikakosa nguvu. Yeye, ndugu zangu, tumemgawana tangu zamani, na kila aliyepokea amempata mzima. Pokea na wewe. Kisha mwite jirani yako.